Jini Aliyeamriwa Kukaa

Mji wa Zingifuri ulikuwa na kuta nyekundu na visima vya maji baridi, na aliyeutawala ni Sultani Feruzi bin Tamimu, mtu mpana wa kifua na mwepesi wa kutoa, ambaye akicheka barazani farasi waliokuwa zizini waliinua masikio. Na katika mji ule palikuwa na ada moja iliyoshikwa kuliko ada zote, nayo ni ada ya kusindikiza mgeni. Mtu akija kwako, awe kadhi au muuza kuni, hakuondoka peke yake. Ulinyanyuka, ukatembea naye mpaka kizingitini, ukamshika mkono na kumwambia, "Umetuletea nuru," naye akakujibu, "Nuru nimeiacha ndani," ndipo akaenda zake. Asiyesindikiza alihesabiwa kuwa hana malezi, na watu wa Zingifuri, nisikufiche, walikuwa radhi kuitwa wezi kuliko kuambiwa hawana malezi.

Sultani huyo alikuwa na mwana mmoja, jina lake Idarusi, kijana wa sauti ya chini na vidole vya mpiga gambusi. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, akanyonyeshwa na msuka mikeka aitwaye Bi Zenabu, pamoja na binti wa Bi Zenabu mwenyewe, Mwanahawa. Na kwa kuwa walinyonya ziwa moja, sheria ikawafanya ndugu, na ndugu wakawa kweli, kwa kupendana na kwa kurushiana makokwa ya tende. Walipokua, Idarusi akarudi kasri, na Mwanahawa akarithi kwa mama yake kibanda cha kusukia, bweta la sindano, na hasira. Hasira ile ilijulikana mji mzima. Mteja akimwambia mkeka una kasoro na kasoro haipo, aliukunja mkeka na kumfukuza nao; na kama kasoro ipo, aliionyesha yeye mwenyewe kabla mteja hajaiona.

Basi mwaka mmoja, mvua za vuli zilipokatika, Idarusi akaingiwa na sonona. Hakufiwa, hakukataliwa na mwanamke, hakulogwa. Wapunga pepo waliitwa wakasema hakulogwa, na wapunga pepo si watu wa kukataa kazi. Alianza kwa kuacha gambusi, kisha akaacha kuoga, kisha chakula kikawa kinarudi jikoni kama kilivyokwenda. Baba yake alimshika mabega akamwuliza, "Mwanangu, waumwa wapi?" naye akajibu, "Baba, siumwi mahali. Ni kwamba asubuhi ikija naiona iko mbali, na mimi sina miguu ya kuifikia."

Sultani alimpenda mwanawe, na kwa mapenzi yale akatenda kosa kubwa. Alifikiri kuwa huzuni ni upungufu wa furaha, kama vile gudulia tupu ni upungufu wa maji, na dawa yake ni kujaza. Basi akaamuru wageni wapelekwe chumbani kwa Idarusi tangu jua kuchomoza hadi kuchwa, na kila mmoja aingie akicheka. Wakaja watani, wapiga zeze, washairi na wakufunzi wa nyani, na mashangazi wa ukoo waliokuja kueleza jinsi wao walivyopata shida zaidi na hawakulala kitandani. Na kila aliyeingia aliondoka, na kila aliyeondoka alitakiwa kusindikizwa. Mwanzo Idarusi aliinuka. Baadaye akawa anainuka kwa kushika ukuta. Mwisho hakuinuka tena, akageuza uso, na wageni wakashuka ngazi wakinong'ona, "Mgonjwa, haya, lakini na malezi nayo yamekwenda?" Naye alisikia, maana mlango haukuwa umefungwa.

Hapo Waziri Jauhari, mtu mkavu aliyeijua ada kuliko alivyowajua watoto wake, akasimama mbele ya Sultani akasema, "Ewe Maulana, Idi i karibu, na ada yataka mrithi awasindikize wageni wa dola kutoka ukumbini mpaka lango kuu, umma ukitazama. Asipotoka, watasema kiti kina mrithi asiye na akili. Iko Nyumba ya Ng'ambo, kule ng'ambo ya mto. Akae huko, na umma utasahau."

Nyumba ya Ng'ambo ilikuwa mahali ambapo wenye maradhi ya akili walifungiwa, na makomeo yake yalikuwa upande wa nje. Aliyeingia hakusikika akitoka.

Sultani akasema, "Iwe Idi, basi. Naapa mbele yako: siku hiyo mwanangu akifika kwa miguu yake mwenyewe hata kwenye kizingiti cha chumba chake tu, hatakwenda. Asipofika, nitampeleka mimi." Akaenda kulia mahali asipoonekana.

Habari zikamfikia Mwanahawa sokoni, na aliyemletea alirushiwa mkeka. Akakimbia nyumbani akitafuta shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka, maana mikono yake haikujua kufikiri bila kazi. Akalipindua bweta la mama yake, na chini kabisa, ndani ya kitambaa, akakuta pete ya fedha iliyopiga weusi, ambayo mama yake Idarusi, kabla hajafa, alimpa Bi Zenabu kwa ujira wa maziwa na Bi Zenabu hakuivaa hata siku moja. Akaipangusa kwa khanga. Nyumba ikajaa moshi wa udi, kuku wakakimbilia uani, na mbele yake akasimama jini mrefu mpaka shingo ikabidi ipinde chini ya makuti.

"Labeka, bibi mwenye pete!" akanguruma. "Mimi ndimi Harafushi, niliyehamisha mlima Kafu kwa bega moja, niliyekausha bahari saba kwa pumzi! Agiza! Nibomoe mji? Nikuletee mwana wa mfalme?"

"Mwana wa mfalme ninaye, na ni mgonjwa," akasema Mwanahawa. "Na usipayuke, utanipasulia mitungi."

Akamweleza. Jini akacheka, akasema kazi ile ni ndogo kwake kama kuokota punje, na mara wakawa chumbani kwa Idarusi. Harafushi akapiga vidole, akatokea ndege wa manyoya ya dhahabu ajuaye kusema lugha zote, akatua ukingoni mwa kitanda akaimba, "Furahi, ewe mwana wa nasaba, furahi!" Idarusi akasema, "Ahsante, ndege," akashusha mguu mmoja sakafuni, akautazama, akaurudisha. Harafushi akapiga vidole tena, na sakafu ikaota bustani ya makomamanga, na maji yakapita katikati yakilia kama vikuku. Idarusi akatazama. Machozi yakamtoka, akasema, "Ni nzuri. Naona kuwa ni nzuri. Hainifikii."

"Basi yaache haya!" akasema Mwanahawa. "Harafushi, nakuamuru uitoe sonona ndani yake uitupe nyuma ya Kafu."

Jini akapiga magoti, akampapasa Idarusi kifuani kama mtu atafutaye ncha ya uzi uliopotea, na jasho la moshi likamtiririka. Hatimaye akainua uso, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Bibi, haina mpini. Mlima una mahali pa kushika; hii haina. Nilidhani nimeipata hapa, nikavuta, nikaona namvuta na yeye mwenyewe. Nikizidi, nitawang'oa wote wawili."

Hapo hasira ya Mwanahawa ikamwagika, na haikumwagika palipostahili. "Idarusi!" akapiga kelele. "Una baba, una kasri, sasa una hata jini! Kuna watu mjini humu wanalala na njaa na asubuhi wanaamka! Inuka basi! Inuka, au hutaki kupona?" Akageuka, akakanyaga bustani, akaenda mlangoni.

Nyuma yake akasikia kishindo. Alipotazama alimwona Idarusi sakafuni kwenye majani, ameanguka kati ya kitanda na mlango, amenyoosha mkono kuelekea kizingitini.

"Samahani, dada," akasema. "Sikuweza kukufikisha."

Mwanahawa akasimama pale kana kwamba yeye ndiye aliyepigwa. Kisha akarudi, akaketi chini, akaweka kichwa cha ndugu yake mapajani.

"Mimi ndiye wa kuomba samahani," akasema. "Nimesema upuuzi. Ulikuwa wainuka ili unisindikize?"

"Kila anayekuja, dada, simsikii anachosema. Nafikiria tu jinsi nitakavyoinuka atakapoondoka. Akiondoka sijainuka, nawaza hilo mpaka aje mwingine. Nimewaaibisha wote. Wakati mwingine naona kama nisingekuwapo, mngepumzika."

Mwingine angemziba mdomo kwa kumwambia asiseme hivyo. Mwanahawa hakumziba. Akamwuliza wazi, "Wafikiria kufa?"

Idarusi akasema, "Kuna siku nafikiria."

"Haya. Nimekusikia, na sikukasirikii. Lakini nisikilize na mimi, maana sijui kusema uongo: mimi nisingepumzika. Ningebaki na shimo ambalo halizibiki. Wazo hilo likija, niambie, hata ukinikuta nina ghadhabu, hata ukinikuta nimelala. Na mimi leo siondoki."

"Utaondoka. Kila mtu huondoka."

"Nitakapokwenda kuchukua ukindu wangu, huyu atabaki." Akamgeukia jini. "Harafushi, ondoa bustani na ndege. Kisha nakuamuru: kaa."

"Labeka! Nikae nifanye nini?"

"Ukae."

"Nikae nikingoja nini?"

"Hungoji kitu. Unakaa naye."

Jini akapauka. "Bibi yangu, nihurumie. Niamuru nichote bahari kwa kijiko."

"Kaa, nimesema!"

Akakaa. Insi na majini hawajapata kuona ukaaji mbaya kama ule: alitikisa goti hadi mapambo ya ukutani yakatetemeka, akapiga vidole kwa mazoea na mawaridi yakamwangukia Idarusi usoni, akauliza kama jua limeshakuchwa na jua lilikuwa halijafika utosini.

Mwanahawa akarudi na mzigo wa ukindu kichwani. Bawabu akamzuia mlangoni: "Amri ya Sultani, dada, mgeni huingia akicheka." Akamjibu, "Mimi si mgeni, na nikianza kucheka nitaanza na kilemba chako. Na hao wenye nyani warudishe makwao." Akaingia, akaketi karibu na kizingiti kwa ndani, akaanza kusuka ukili, ule mkanda mrefu wa ukindu ambao ukishatosha hushonwa ukawa mkeka; na ukili hauharakishwi, ukivutwa kwa pupa hukatika.

Siku zikapita hivyo. Alileta uji vikombe viwili, akanywa wake, cha ndugu yake akakiweka karibu naye bila kukitazama. Siku nyingine kilinywewa, siku nyingine kikapoa, na kilichopoa hakikuleta mahubiri. Dawa ya tabibu wa kasri hakuidharau, alimpa kwa wakati wake. Alimnawisha uso kwa maji ya vuguvugu akimwelezea ugomvi wa sokoni, na hakumtaka acheke. Mara moja aliwaka, akasema, "Idarusi, nimechoka!" na papo hapo akaongeza, "Nimechoka na mikono yangu, sikuchoka nawe," naye Idarusi akasema, "Najua. Nakusikia ukivuta ukili kwa nguvu." Jioni Mwanahawa alipokwenda kulala kwake, jini alibaki. Na kwa kuwa hakuna aliyeaga, hakuna aliyetakiwa kusindikizwa, na Idarusi akaanza kulala usingizi.

Siku moja mchana, Mwanahawa akipachika ukindu mpya, akasikia sauti ambayo haikuwa imeanza mazungumzo tangu vuli.

"Harafushi," akasema Idarusi, "huko ndani ya pete ulikuwaje?"

Goti la jini likaacha kutikisika. Aliitumikia pete tangu enzi ambazo majina ya wafalme wake yamefutika, akaagizwa majumba na vita na wanawake, na hakuna aliyepata kumwuliza hilo.

"Watu hudhani palikuwa padogo," akasema. "Hapakuwa padogo. Hapakuwa na kitu. Mwanzo nilitamani nje, halafu nikasahau kuwa nje ipo. Pete ilipopanguswa, nilidhani nasumbuliwa."

"Eeh," akasema Idarusi taratibu. "Ndivyo. Ndivyo hasa." Akamtazama. "Ukatokaje?"

"Sikutoka, bwana wangu. Nilitolewa. Mwenye kukaa ndani ya pete hawezi kuipangusa."

"Na ulipotoka, ulifurahi?"

"La. Macho yaliniuma, na huyu dada yako akanikaripia kwa habari ya mitungi."

Idarusi akatoa pumzi puani. Hakikuwa kicheko, kilikuwa jamaa wa mbali wa kicheko. Mwanahawa hakuinua kichwa, akaona ukili mbele yake umekuwa na ukungu, akaendelea kusuka hivyo hivyo.

Kesho yake Idarusi akaomba ncha ya ukili. Akasuka kipande kama urefu wa mkono, na vidole vile vilivyojua nyuzi za gambusi vikasahau njia, kikatoka kimepinda kama nyoka aliyekanyagwa. Mwanahawa, ambaye angefumua kazi ya mama yake mzazi kwa kasoro ndogo kuliko ile, akaung'ata ulimi, akakishona mkekani kama kilivyo.

Usidhani basi kuwa ilikuwa ngazi ya kupanda tu. Mkesha wa Idi Idarusi aliamka vibaya, hakunywa uji, hakujibu neno. Na asubuhi ya Idi, mizinga ilipolia na mji ukanukia pilau, alikuwa amelala ameelekea ukutani. Ukumbini nyayo zikasikika zikija: za Sultani, za Waziri Jauhari, na za wachukuzi waliobeba kiti cha kumpelekea Ng'ambo.

Harafushi akamwinamia Mwanahawa sikioni. "Bibi, agiza. Nitamwinua kwa upepo nimsimamishe kizingitini, miguu itacheza kama inatembea. Hakuna mwanadamu atakayejua."

Mwanahawa akamtazama ndugu yake, akatazama mlango. Moyo wake ulitaka. "Sultani alisema afike kwa miguu yake mwenyewe," akasema. "Mimi siuzi mkeka wenye tobo nikaliziba kwa kiganja. Nitakwenda kusema naye, na leo sitakuwa na adabu."

Akasimama. Na kwa kuwa sasa alikuwa anakwenda kweli, na hakujua kama atarudishwa chumbani mle au atatupwa gerezani, akasema, "Kwaheri, ndugu yangu. Lala. Hudaiwi kitu." Akatandika ule mkeka uliokwisha ili asiuache umekunjwa, akatembea kuelekea mlangoni.

Akasikia kitanda kikilia. Hakugeuka. Akasikia unyayo ukikanyaga mkeka, ukasimama. Akasikia kiganja kikishika ukuta. Akasikia unyayo mwingine. Harafushi alikuwa amekumbatia mikono yake mwenyewe kwa nguvu isije ikapiga vidole. Mwanahawa akapunguza mwendo, kisha akapunguza tena, kama mtu anayetembea na mzee, na alipofika kizingitini akasimama, mgongo wake ukiwa umelowa jasho. Mkono baridi ukaushika mkono wake.

"Dada," akasema Idarusi, akihema, nywele zake zimesimama na shati limekunjamana, "umetuletea nuru."

Mwanahawa alilia mbele ya Sultani na Waziri na wachukuzi, akalia kwa sauti, ndipo akaweza kusema, "Nuru nimeiacha ndani."

Sultani Feruzi alikuwa amesimama hatua chache mbele yao. Idarusi akamwona, akasema, "Baba, nimefika hapa. Lango kuu ni mbali. Leo sitaliweza."

Waziri akakohoa. "Maulana, wageni wa dola wangoja ukumbini—"

"Wasindikize wewe, Jauhari," akasema Sultani, "na kiti hicho kakitieni moto." Akavua viatu vyake vya zari, akasogea mpaka kizingitini, na yule aliyekuwa akiingia popote bila kuuliza akauliza, "Mwanangu, niingie? Sikuja kukuchekesha, na nikiondoka usinyanyuke."

"Karibu, baba," akasema Idarusi.

Wakaketi mkekani wote, na Sultani akaketia kile kipande kilichopinda, kikamwumiza, akakipapasa akauliza, "Hiki kasuka nani?" Walipomwambia, alikishika kama watu washikavyo vito.

Naam, Idarusi alipona polepole, kwa kwenda mbele na kurudi nyuma, na Idi nyingine ikaja akafika nusu ya ua, na nyingine akafika lango kuu, ambako umma ulimngoja ukiwa umekaa kimya kwa heshima, na si kwa amri. Sultani akaibomoa Nyumba ya Ng'ambo, akatangaza kwa mbiu kuwa katika Zingifuri mgonjwa hasindikizi. Anayemtembelea ajisindikize mwenyewe. Mwanahawa akapewa mashamba ya ukindu hata akaajiri wasukaji na kuwagombeza. Idarusi akamwoa Bi Rehani binti wa kadhi, na kabla ya nikaha alimwambia wazi, "Ninayo maradhi yanayoweza kurudi," naye Bi Rehani akasema, "Yakirudi yatatukuta wawili." Na yalirudi, mwaka fulani wa mvua nyingi, wakautandika ule mkeka karibu na kizingiti, na kila mtu alijua pa kukaa.

Ama Harafushi, Mwanahawa aliiweka pete kiganjani mwake akamwambia, "Umekwisha kutumika. Nenda utakako." Jini akaitazama pete, akatazama anga lote alilokuwa akilitamani.

"Bibi," akasema, "nikitaka kukaa kidogo tu, ni lazima niamriwe?"

"Kaa, baba," akasema Mwanahawa, akamsogezea kikombe cha uji.

Nami nilipofika na hadithi hii ndipo ninapoiweka chini. Uliye na ndugu aliyegeukia ukuta, usimpelekee ndege wa dhahabu wala usimhesabie neema zake. Chukua kazi yako ya mkono uende ukakae. Na ukija kuondoka, mwambie hadaiwi kitu.